Kwa Salma, Kabla Hujaingia Nyumba ya Dana

Salma mwanangu,

Umetoka na wenzako kwenda Corniche kuyaaga maghorofa ya West Bay, kana kwamba maghorofa yatakukumbuka. Nilikuona ukipaka wanja mbele ya kioo changu huku ukiimba, nami nikajifanya nakunja nguo ili usiione mikono yangu. Inatetemeka tangu alasiri. Ndiyo maana utauona mwandiko huu umepinda, wa mwalimu mzima aliyewahi kuwachapa watoto vidole kwa kupindisha mistari.

Ningeweza kungoja urudi nikwambie kwa mdomo, lakini mimi na wewe twajuana. Nikianza kusema nitaishia kugomba, nawe utasema, "Mama, umeanza," utacheka, utanikumbatia, na habari itakuwa imeishia hapo. Kwenye karatasi huwezi kunikumbatia. Itabidi usome mpaka mwisho.

Habari za kula, kuswali na kuchagua marafiki nimezisema mpaka zimekuota masikioni, kwa hiyo leo naziacha. Nataka kukwambia kwamba naogopa, na nikwambie ninachokiogopa.

Mtu wa nje akiisoma barua hii atanicheka. Atasema, binti anakwenda Lulu tu, kile kisiwa walichokijenga kwa kumwaga mchanga baharini tukiona kwa macho yetu, ng'ambo ya mji huu huu. Nyumba ina bustani, boti zimefungwa mbele ya baraza, na mtoto atakayemlea ni wa rafiki yake wa tangu utotoni. Mama huyu analia nini? Mwache acheke. Mimi nimeifanya kazi hiyo, na najua jinsi nyumba inavyoweza kuwa njema, watu wake wakawa wema, na bado mtu akatafuta pa kutokea asipaone.

Kisa cha mimi kuja Doha unakijua kwa namna ninavyopenda kukisimulia, pamoja na mapambo yake. Acha niyavue mapambo. Baba yako alipofariki nilikuwa nafundisha darasa la kwanza pale Mumias, nawe ulikuwa unaanza kung'oka meno ya mbele. Wakala akaja kutoka Nairobi akasema kuna nyumba kubwa, jamaa wa watawala wa Katar, inatafuta murabiya wa binti yao mdogo. Si yaya wa kufua nepi, alisema, bali mwanamke aliyesoma, Mwislamu, mwenye adabu za kifalme. Wanawake wengine pale waliposikia habari ya adabu za kifalme walitazamana. Mimi nikanyoosha mgongo nikajua ninaitwa kwa jina.

Unamkumbuka Kukhu, bibi yangu, kwa picha tu. Alikuwa binti wa nabongo, mfalme wetu Wawanga, ijapokuwa kwa mke mdogo kabisa ambaye hata jina lake watu walibishania. Ufalme wenyewe wakati huo ulikuwa umebaki heshima na makaburi. Lakini Kukhu aliwalea watoto wa kaka yake aliyerithi kiti, na mpaka uzeeni wanaume wenye mvi walikuwa wakifika uani kwake wanavua kofia. Mimi nilikulia miguuni pake nikiyaona hayo. Aliniambia, "Mjukuu wangu, kwenye nyumba ya mtawala usihangaike kupendwa. Hangaika ukikosekana ijulikane." Nikayabeba maneno hayo mpaka Uarabuni kuliko nilivyobeba nguo. Kukhu alikuwa akilea watoto wa kwao, kwenye ardhi ya kwao, na jambo hilo dogo mimi sikulipima.

Siku niliyofika hawakunipeleka jikoni. Walinipeleka kwa bibi mzaa baba wa mtoto, yule ambaye nyumba nzima inamwita Yumma Oda, yaani mama mkubwa. Alikuwa ameketi chini kwenye zulia, amevaa ile barakoa ya kizamani inayong'aa, unaona macho tu. Hakuuliza kama najua Kiingereza wala kama naweza kupika. Aliuliza, "Watu wako ni nani?" Nikamwambia. Nilisema kwa Kiarabu changu cha madrasa, na huenda niliongeza mfalme mmoja au wawili. Akapiga zulia kwa kiganja: keti. Wanawake wengine wa kazi walikuwa wamesimama ukutani. Mimi nikaketi, Salma. Nikakunja miguu nikaketi kama niliyealikwa.

Wekesa dereva ndiye aliyeniambia ukweli siku ileile, akinionyesha chumba hiki cha uani. "Mama Salma, hawa watu wakikuambia keti, keti kidogo kwa ukingo. Usijipanue." Nikamwuliza anajua anaongea na nani. "Najua sana, wewe ni wa nabongo," akasema. "Lakini nabongo ni ya Mumias. Hapa mimi na wewe tuko na visa moja." Sikumsemesha kwa wiki nzima. Yeye kila asubuhi aliniamkia vilevile, Mbukusu yule, kana kwamba hakugundua.

Dana alikuwa na miaka mitatu, mdogo, mkaidi, mwenye macho ya kuomba. Mama yake, Shekha, alikuwa msichana bado, kaozwa mapema, na hakujua amshike vipi. Kila mtoto akilia alikuwa akimtazama kana kwamba kaletewa mgeni asiyemfahamu. Murabiya mwenye akili angemfundisha mama yule. Angekaa pembeni akasema, mshike hivi, mwimbie hivi. Mimi sikufanya hivyo. Niliyakumbuka maneno ya Kukhu nikamchukua mtoto.

Nilianza na usingizi. Nilimlaza Dana mkono wangu ukiwa mgongoni pake, nikamwimbia zile nyimbo za kwetu nilizokuimbia wewe, na sikuondoa mkono mpaka amelala fofofo. Akizinduka alinikuta. Baada ya miezi michache hakuna mtu mwingine aliyeweza kumlaza. Shekha alijaribu, mtoto akajikunja akalia mpaka akatapika. Yaya wa Kifilipino alijaribu. Hata Yumma Oda alijaribu. Kila aliposhindwa mmoja, waliniita, nami niliingia kwa haraka, uso wangu umejaa huruma. Ndani nilikuwa nafurahi. Nakwambia hili kwa sababu huko unakokwenda furaha hiyo itakujia na wewe, na ni tamu sana, na hakuna mtu atakayekwambia kwamba ni mbaya, kwa kuwa kwa nje inafanana kabisa na upendo.

Na upendo ulikuwepo pia, nisijisingizie. Nilimpenda. Nilikuwa na mtoto wangu Mumias anayelala kwa senge yake, dada wa baba yake, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

Kisha wewe ukaugua. Unakumbuka homa ile? Senge yako alinipigia simu, nikasikia nyuma yake sauti ya mtu anayekohoa, nikamwuliza ni mzee gani huyo, akasema ni Salma. Nilimwendea Shekha nikamwambia nataka kwenda nyumbani. Hapa, unajua, mtu hapandi ndege mpaka mwajiri wake atie sahihi ruhusa ya kutoka. Shekha hakukataa. Laiti angekataa, ningemchukia nikapumua! Alinishika mikono, machozi yakamlengalenga, akasema, "Zainabu, sisi tutafanya nini na Dana? Atakufa kwa kilio. Subiri kidogo tu." Akaagiza utibiwe hospitali nzuri kwa gharama yao. Nikangoja kidogo, na kidogo nyingine. Kila nilipouliza, walinionyesha mtoto.

Kilichokuwa kimenifunga ni ule usingizi nilioushona mwenyewe, kila usiku, kwa mkono wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kwenye kitanda hiki nikikuwazia ukifa, wakati mtoto wa watu analala salama kwa wimbo wako. Sijawahi kuogopa vile, mpaka leo.

Ukapona, alhamdulillahi, na watu hawa wakafanya jambo ambalo nyumba nyingi zisingefanya. Wakakuleta. Ulifika mwaka ule wa Michezo ya Asia, mji mzima umepambwa taa, ukadhani ni wewe uliyewashiwa. Wakakutia shule, wakakununulia nguo zilezile za Dana. Wote waliosikia walisema nina bahati, nami nilisujudu. Wema wao ulikuwa wa kweli. Ila tangu siku ile sikuwa tena na sababu ya kuomba ruhusa, kwa kuwa kila kilichokuwa changu kilikuwa ndani ya ukuta wao. Nilikigundua hicho polepole.

Sasa nakuja kwenye Idi ile. Ulikuwa na miaka tisa na ulikuwepo, lakini ulikuwa mlangoni pamoja na watoto wa jirani mkigombania halua, sidhani kama uliona.

Unajua desturi yao. Siku ya Idi watoto huingizwa kwenye majlisi ya wanawake, wanaanza kwa mkubwa kuliko wote, wanambusu kichwani, kisha wanashuka mmoja baada ya mwingine kwa umri na cheo. Sisi wa kazi tunasimama ukutani. Mimi sikusimama. Nilikuwa nimezoea, nimeketi mwisho wa zulia, nimejipanua. Dana akaingia na gauni lake la dhahabu. Alitakiwa aende moja kwa moja kwa Yumma Oda. Akageuka, akanijia mimi mbio, akanishika mashavu.

Sasa sikiliza kosa langu lilipo. Mtoto anaweza kukosea, na hakuna mtu angemlaumu murabiya. Ningerudi nyuma, ningemgeuza mabega nikamwelekeza kwa bibi yake, wangecheka wote. Mimi niliinamisha kichwa ili anifikie, akakibusu. Nilikiinamisha bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila usiku: nilimfundisha kabla ya kulala aje abusu kichwa cha mkubwa wake, na mkubwa mwenyewe nilikuwa mimi. Pale Mumias watoto walikuwa wakimwamkia Kukhu kwanza, na kwenye damu yangu jambo lile lilikuwa sawasawa kabisa.

Vikombe vya kahawa vilinyamaza. Shekha alikuwa ameshatanguliza mikono kumpokea mwanawe, akairudisha mapajani. Dana akaenda kwa Yumma Oda, akambusu, akashuka mstari wote vizuri, na watu wakaanza kuzungumza kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nilikaa pale nikihisi kichwa changu kinawaka mahali alipobusu.

Wageni walipoondoka Yumma Oda aliniita. Safari hii hakupiga zulia kwa kiganja. Hakuwa na hasira. Aliuliza, "Zainabu, mtoto huyu amekosea, au amefundishwa?"

Ningeweza kusema amekosea. Macho yale yalikuwa yameona nilivyoinama. Nikasema, "Amefundishwa."

"Kuanzia leo hutamlaza," akasema. "Mchana ni wako, masomo ni yako. Usiku si wako." Kisha, maana hakuwa mkatili, akaongeza, "Lakini mtoto atalia. Mwanao ana miaka mingapi? Mwache mwanao alale naye, amzoeze."

Salma, nilisema "hadhir." Niko tayari. Nililisema kabla hajafunga mdomo. Nilikuwa naogopa kurudishwa nyumbani mkono mtupu, nikaaibika mbele ya mashemeji, ufalme wangu wote ukawa mzaha. Sikukuuliza wewe. Sikusema hata ngoja nikamwambie. Nilikutoa vile mtu anavyotoa kiti chake.

Usiku ule wa kwanza nilisimama kwenye ujia nje ya mlango. Dana alikuwa akilia jina langu ndani. Kwenye upande wa pili wa mlango, gizani, nikaona mtu mwingine amesimama, na alikuwa Shekha, miguu mitupu, mkono mdomoni. Mama wawili, na mtoto wa kila mmoja yuko ndani, na hakuna aliyeruhusiwa au kuthubutu kuingia. Kisha nikakusikia wewe ukianza kuimba wimbo wetu. Uliimba kwa sauti ya mtoto anayeogopa, ukarudia, ukarudia, na Dana akanyamaza.

Ulilala chumba kile zaidi ya mwaka. Mchana ulikuwa ukisinzia darasani na mimi nikawaambia walimu huna damu ya kutosha. Uliacha kunisimulia ndoto zako. Na siku moja, mbele ya wanawake wote jikoni, ulitaka maji, ukaniita "Zainabu." Uliita vile Dana anavyoita, kwa sauti ileile ya mtu anayejua ataletewa. Wote wakacheka, nami nikacheka, nikakuletea maji. Halafu nikaenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Hukuwa na hatia. Nakuapia, kama ulikuwa umelisahau, lisahau tena. Nakutajia ili ujue kitu kimoja tu: Dana anapokwambia amekuchagua wewe kwa kuwa wewe ni dada yake, anasema kweli kama aijuavyo. Lakini hakukuchagua. Mimi nilikuweka pale nikiwa nimeogopa, mkazoeana, mkapendana, na sasa yeye ana mimba kubwa na anaogopa kuzaa, na mtu wa kwanza anayemjia akilini usiku ni wewe. Ingekuwa ajabu kama angekuwa mwingine.

Ninamwogopa kwa ajili yako kuliko ningemwogopa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemjua mlangoni. Dana atakulilia. Atakushika mikono kama mama yake alivyonishika. Utataka kwenda kuolewa, au kusoma, au kunizika, naye atasema subiri kidogo tu, na atakuwa anakuomba, hakuamrishi, huku karatasi yako iko mezani kwa mumewe ikingoja sahihi. Utaona haya kumwacha. Utasema, mwezi ujao. Na yule mtoto atakuwa amekwisha kuzoea mkono wako, kwa sababu wewe ni mlezi mzuri, Salma, mzuri kuliko mimi, na hapo mtakuwa mmefungana nyote watatu bila kamba.

Nimekuwa nikiyawaza haya kwa wiki nzima huku ukifunga begi na kunionyesha picha za chumba utakachopewa. Ile barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi cha Kakamega umeitia chini ya godoro. Sikuigusa. Niliiona nilipotandika.

Sasa nikwambie kilichotokea leo, kwa sababu kesho asubuhi kitakufika na sitaki kikukute hujui.

Baada ya Alasiri Shekha aliniita majlisini. Mkataba wangu umekwisha, nami naondoka Ijumaa, kwa hiyo nilidhani ni kuniaga. Yumma Oda alikuwepo kwenye kiti chake cha magurudumu, anasinzia. Shekha aliniketisha, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya miaka yote. Akasema, "Tumefurahi kwamba Salma anabaki na Dana. Wewe umeridhika, Zainabu?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Hadhir. Lilikuja peke yake, lile lile, likiwa limevaa nguo zilezile. Nililimeza na kahawa ikaniunguza.

Nikasema, "Mwulizeni Salma mwenyewe."

Shekha akatabasamu, akadhani ni adabu. "Si amekwisha kukubali?"

"Alikubali alipoambiwa, Shekha. Kuulizwa, bado."

Akaweka birika chini. "Na akikataa?"

"Ruhusa zetu zote mbili zimetiwa sahihi. Akikataa, naondoka naye Ijumaa."

"Na Dana je? Amebakiza wiki chache. Nani atakuwa naye?"

Hapo, mwanangu, sijui nani alinifungua mdomo. Huenda ni Kukhu, huenda ni uzee. Nikasema, "Dana ana mama."

Sikukusudia kumjeruhi. Nilikusudia kusema, nenda wewe, bado muda upo, mtoto huyu anayekuja ni nafasi yako, ingia kile chumba. Lakini lilitoka fupi hivyo, na lilipokwisha kutoka nikaona amebadilika rangi. Maji yakimwagika hayazoleki. Yumma Oda akafumbua macho akatutazama wote wawili, akafumba tena. Shekha akasema, "Inuka, Zainabu." Sijui ilikuwa hasira au nini. Nimekaa nyumba hii miaka yote, naujua uso ule kama ninavyoujua wako, na leo sikuweza kuusoma.

Nilitoka uani. Wekesa alikuwa anaosha gari, akaniona, akafunga maji. Nikamwambia nilichosema. Akapiga mluzi. "Mama Salma! Leo ndiyo umejipanua." Kisha akaona sicheki, akajifuta mikono, akasema taratibu, "Hiyo ruhusa ya kutoka, wakitaka wanafuta na simu tu. Unajua, eeh?"

Ninajua. Ndiyo maana mikono yangu iko hivi. Kila simu inapolia kwenye nyumba kubwa moyo wangu unaruka. Huenda nimekuharibia kazi ambayo mioyo yenu yote miwili inaitaka. Huenda nimetufungia Ijumaa sote wawili. Nilikuwa na siku chache tu za kunyamaza ili niondoke kwa heshima, nikashindwa.

Lakini kabla ya Maghribi alikuja mtumishi na ujumbe. Kesho asubuhi, gari litakapokuja, Dana atakuwa ndani yake. Anakuja mwenyewe, na tumbo lake lile, hapa uani, kwenye chumba hiki ambacho hajaingia tangu akiwa mtoto. Shekha amemwambia aje akuulize. Alivyosema mtumishi: akuulize, na angoje jibu.

Sijui wamekusudia nini. Pengine ni heshima, pengine ni mtego, pengine Shekha amelisikia neno langu nilivyolikusudia. Naogopa ukisema ndiyo, utasema kwa sababu huwezi kuyatazama machozi ya Dana. Naogopa ukisema hapana, utasema kwa sababu umeisoma barua hii na umenihurumia. Na naogopa, Mungu anisamehe, kwamba nimekuandikia haya yote ili tu ulale tena karibu yangu, na kwamba mimi ndiye wa mwisho kukufunga. Ukilihisi hilo, amini kwamba limo.

Mtu wa ukoo wetu alizaliwa akiamkiwa, akaja huku akajifunza kuitikia. Kuulizwa, na mtu akasimama akingoja kusikia unataka nini, hicho sijakipata katika nyumba hii hata siku moja, na kwetu Mumias mwanamke hakukipata vilevile, awe binti wa nabongo asiwe. Wewe utakipata kesho. Nimekilipia sijui bei gani, na wala usifikiri kuhusu bei.

Nitakuwepo chumbani, kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Nitasimama karibu na dirisha. Dana akimaliza kuuliza, utataka kunitazama, kama ulivyozoea tangu mdogo kabla hujajibu mtu mkubwa. Usinitazame, Salma. Uso wangu hauwezi kunyamaza. Mtazame yeye, na ujibu.

Mama yako,
Zainabu